Hodi Moja, Vivinjari Ishirini

Ukitaka kujua kama watu wanaotengeneza mfumo wa mtandaoni wameiva katika kazi yao, usiwaulize wanatumia lugha gani ya programu wala kompyuta zao ni za bei gani. Waulize majaribio yao yanaingiaje ndani ya mfumo. Wachanga watakujibu kwamba kila jaribio linafungua kivinjari, linaandika jina na nenosiri, linabofya kitufe cha kuingia, linasubiri, kisha ndiyo kazi inaanza. Waliokomaa watakuonyesha faili moja dogo, lililowekwa kwenye folda ambayo hairuhusiwi kutoka pale ilipo. Nawasifu hao wa pili, kwa sababu kazi yao haina wa kuisifu: ikifanyika vizuri haionekani, na ikiharibika lawama huangukia kitu kingine kabisa.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wasioijua. Mfumo unaotumika kupitia kivinjari, uwe wa benki, wa chuo au wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS), hauachi kubadilishwa. Leo fomu imeongezewa kisanduku, kesho riba imepangwa upya, na kila badiliko linaweza kuvunja kitu kilichokuwa kizima jana. Ndiyo maana hutungwa majaribio ya kiotomatiki, yaani programu inayokiendesha kivinjari halisi, mara nyingi bila hata dirisha kuonekana kwenye kioo, ikabofya, ikajaza, ikasoma majibu na kutoa taarifa. Tuchukue SACCOS. Yupo mwanachama anayeomba mkopo, afisa mikopo anayepitia maombi, meneja anayeidhinisha, mhasibu anayetoa fedha. Majaribio ya mfumo wa namna hiyo yakifika 400, na kila moja likitumia sekunde sita mlangoni, basi dakika 40 zimekwenda kwa kubisha hodi tu, kabla ya shilingi moja kuombwa.

Mtu atasema, basi mlango ulainishwe. Haulainiki, na hautakiwi kulainika. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières waliueleza mfumo wa kuhifadhi nenosiri uitwao bcrypt, ambao fahari yake ni kuchelewa kwa makusudi. Seva hulazimishwa kufanya hesabu nzito kila nenosiri linapokaguliwa, ili mwizi aliyekwapua orodha nzima ya manenosiri asiweze kubahatisha mamilioni kwa dakika. Uzito huo unaweza kuongezwa kadiri kompyuta zinavyozidi kupata nguvu. Kwa karani anayeingia mara moja asubuhi, hilo si lolote. Kwa vivinjari ishirini vinavyobisha kwa pamoja, seva ndogo ya majaribio huanza kuhema, na majaribio yanaanguka kwa kuchoka kusubiri, si kwa sababu mfumo una kasoro.

Halafu kuna namba za mara moja. Zile programu za simu zinazotoa tarakimu sita, zikabadilika kila baada ya sekunde 30, zinafuata kanuni iliyochapishwa mwaka 2011, RFC 6238. Kanuni hiyo inaikataza seva kuipokea tena namba ambayo imekwisha kuikubali. Vivinjari kumi vya akaunti moja vikifika mlangoni ndani ya sekunde 30 zilezile, vyote kumi vina namba sahihi, na kimoja tu ndicho kitakachopita. Tisa vitaambiwa vimekosea. Anayesoma ripoti ya majaribio hayo atatafuta kasoro mchana kutwa mahali ambapo kila kitu kinafanya kazi kama kilivyoagizwa. Na pale namba inapokuja kwa ujumbe wa simu, kama ilivyo kwa mifumo mingi ya huku kwetu, inaongezeka gharama: kila SMS ina bei yake, na hakuna anayeahidi kwamba itafika kwa wakati. Timu inayobisha hodi mara 400 kwa SMS itaitwa na mhasibu kabla haijaitwa na meneja.

Njia ya kutokea ilikuwapo tangu zamani, tena ndani ya mtandao wenyewe. Itifaki ya HTTP ilizaliwa bila kumbukumbu: kila ombi linasimama peke yake, na seva ikishajibu imesahau. Kwa kusoma makala hilo halina ubaya. Kwa duka au benki ni balaa, maana mteja angelazimika kujitambulisha upya kila anapogeuza ukurasa. Mwaka 1994 Lou Montulli, kijana wa kampuni ya Netscape, alibuni dawa tunayoiita leo kidakuzi. Seva inakikabidhi kivinjari kipande kidogo cha maandishi, na kivinjari kinakirudisha kila kinapouliza jambo jipya. Tangu hapo nenosiri limekuwa kitu cha mlangoni tu. Ukishapita, kinachokutambulisha si siri iliyo kichwani mwako bali kile kipande cha maandishi, na muda wote kinapotambuliwa ndiyo sesheni. Fundi wa majaribio alilitazama jambo hili akajiuliza swali ambalo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kujiuliza: kama kinachotambuliwa ni kidakuzi, kuna ubaya gani kivinjari kimoja kikabisha hodi, na vingine vikapewa kidakuzi chake?

Wa mwanzo walifanya hivyo kwa mikono. Selenium, zana ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jina la kazi hii, ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa kampuni ya ThoughtWorks, Chicago. Jina lenyewe ni utani: mshindani mkubwa wa wakati huo aliitwa Mercury, yaani zebaki, na seleniamu husemwa kuwa hutibu sumu ya zebaki. Baadaye iliunganishwa na WebDriver, zana nyingine ya kuendesha vivinjari, ya Simon Stewart, na mwaka 2018 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, likaifanya WebDriver kuwa kiwango rasmi. Ndani ya kiwango hicho unaweza kukiomba kivinjari vidakuzi vyote kilivyo navyo, ukaviandika kwenye faili, kisha ukavipandikiza kwenye kivinjari kingine. Lakini kuna sharti. Kivinjari hakipokei kidakuzi cha tovuti ambayo hakijaitembelea. Ukijaribu kukipandikiza kikiwa bado kwenye ukurasa mtupu, kinakukatalia kwamba kikoa si sahihi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwapenda mafundi hawa. Sharti linasema lazima uwe kwenye tovuti kwanza, lakini ukifungua ukurasa wa kwanza wa tovuti utaletewa picha, matangazo, na pengine utasukumwa kwenye ukurasa wa kuingia, ukapewa kidakuzi kipya cha mgeni kitakachogombana na chako. Kwa hiyo wanafungua ukurasa usiokuwapo. Wanaandika anwani ya uongo ndani ya tovuti ya kweli, seva inajibu kwamba hakuna kitu kama hicho, na jibu hilo fupi linatosha, maana kivinjari sasa kiko kwenye kikoa kinachotakiwa. Vidakuzi vinapandikizwa juu ya ukurasa huo wa kukosa, kisha ndiyo safari ya kweli inaanza. Ni mistari mitatu ya programu. Aliyeiandika alilazimika kujua seva inavyojibu, kivinjari kinavyokagua, na ukurasa upi ni mwepesi kuliko zote, na akajua pia kwamba ukurasa mwepesi kuliko zote ni ule ambao haupo.

Wengine walichukua njia ya mabavu: kunakili folda nzima ya wasifu wa kivinjari, yenye historia, mipangilio na kila kitu. Sina hamu ya kukaa hapo. Folda ni kubwa, Chrome huifunga ili vivinjari viwili visiitumie kwa wakati mmoja, na siku hizi Chrome ya Windows husimba vidakuzi kwa ufunguo uliofungwa kwenye kompyuta husika, hivyo ukiihamishia folda hiyo kwenye mashine nyingine unabeba kapu lisilofunguka. Mwaka 2025 Chrome ilikwenda mbali zaidi, ikakataa kabisa kuendeshwa na programu ya nje kwa mlango wa ukaguzi ikiwa inatumia folda ya kawaida ya mwenye kompyuta. Waundaji wake walifanya vizuri.

Kazi ilipata utulivu ilipokuja zana iitwayo Playwright. Microsoft waliitoa Januari 2020, na miongoni mwa walioijenga wamo waliokuwa wameijenga Puppeteer ya Google mwaka 2017. Wazo lao bora, kwa maoni yangu, ni la vyumba. Kivinjari kimoja kinawashwa, kazi ambayo ni ghali, kisha ndani yake vinafunguliwa vyumba vingi visivyoonana, kazi ambayo ni rahisi sana. Kila chumba kina vidakuzi vyake na hifadhi yake, na kikifungwa hakiachi alama, sawa na dirisha la faragha ambalo watu wanalitumia kwenye simu zao. Na kila chumba kinaweza kuanza kikiwa kitupu, au kikaanza na hali iliyohifadhiwa kutoka chumba kingine. Kwa hiyo panatungwa jaribio moja la maandalizi linaloingia kwa jina na nenosiri kama binadamu, linasubiri hadi jina la mtumiaji lionekane juu ya ukurasa, kisha linaandika hali ya chumba kwenye faili. Majaribio mengine yote yanazaliwa yakiwa ndani tayari.

Faili hilo lina thamani ya kusomwa. Ni maandishi ya JSON, ukurasa mmoja au kurasa mbili. Kila kidakuzi kina jina lake, thamani yake, kikoa chake, njia yake, na siku ya kufa kwake ikiwa imeandikwa kwa idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Palipoandikwa hasi moja maana yake kidakuzi hicho hakikupewa siku, kilitakiwa kufa kivinjari kinapofungwa. Humu hakikufa, kimelala kikisubiri kuamshwa. Utaona pia alama ya HttpOnly, ambayo kazi yake ni kuzuia programu zilizo ndani ya ukurasa zisikisome kidakuzi. Lakini zana ya majaribio haiko ndani ya ukurasa. Iko nje, imekishika kivinjari chenyewe, kwa hiyo inasoma kila kitu. Na kwa kuwa ni maandishi tu, faili lililoandikwa na Chromium linaweza kufunguliwa na Firefox au WebKit. Umebisha kwa kivinjari kimoja, ukaingia kwa kingine cha ukoo tofauti kabisa. Baadhi ya seva hushtuka hapo, zile zinazoifunga sesheni na jina la kivinjari au anwani ya mtandao, na zina haki ya kushtuka.

Asiyejua kilichoachwa nje ya faili atapotea. Hifadhi ya kudumu ya tovuti ndani ya kivinjari inachukuliwa. Hifadhi ya kichupo, ile inayokufa kichupo kikifungwa, haichukuliwi, na mfumo ulioweka humo tokeni yake, yaani maandishi yanayomtambulisha mtumiaji, utakurudisha mlangoni hata kama vidakuzi vyote vimekamilika. Kwa muda mrefu hata hifadhidata ya ndani ya kivinjari, IndexedDB, ilikuwa haichukuliwi, na humo ndimo Firebase, huduma ya Google kwa watengenezaji programu, huweka utambulisho wa mtumiaji. Watu wakahangaika na mifumo iliyojengwa juu ya Firebase hadi mwaka 2025, Playwright ilipoongeza chaguo la kuichukua. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, fundi mzuri hufungua zana za ukaguzi za kivinjari na kutafuta jambo moja: mfumo huu unakumbuka kwa kutumia nini? Nimewahi kuona ukurasa mmoja wenye vidakuzi zaidi ya ishirini, ambapo kimoja tu ndicho kilichobeba sesheni. Vingine vilikuwa vya matangazo, takwimu, lugha na rangi ya ukurasa. Fundi alivifuta kimoja baada ya kingine, akirudia kupakia ukurasa, mpaka akakipata kile ambacho kikitoka nawe unatoka.

Hadi hapa nimesifu werevu. Kinachonifanya niite kazi hii ufundi ni kile kinachofuata, maana kugawana sesheni ni rahisi kuliko kuigawana salama. Vyumba ishirini vinavyotumia kidakuzi kimoja vimetengana upande wa kivinjari tu. Upande wa seva vyote ni mtu mmoja. Kinachofanywa na kimoja kinaonekana na vyote. Jaribio la kwanza linabadilisha lugha ya akaunti kuwa Kiingereza, na la saba linalotafuta kitufe kilichoandikwa "Wasilisha" linaanguka. Jaribio la tatu linafuta ombi la mkopo ambalo la tisa lilikuwa linalihesabu. Ukiyaendesha moja moja yote yanafaulu, ukiyaendesha pamoja yanaanguka leo haya, kesho yale, na hakuna kinachochosha akili ya mtu wa majaribio kama kosa linalobadilisha makazi.

Kati ya yote, linaloua zaidi ni jaribio la kutoka. Kila mfumo una kitufe cha kutoka na lazima kijaribiwe. Jaribio linakibofya, seva kwa uaminifu inaifuta sesheni, jaribio linafaulu kwa alama ya kijani. Wakati huohuo vyumba kumi na tisa vilivyokuwa katikati ya kazi vinajikuta nje. Kimoja kilikuwa ukurasa wa tatu wa fomu. Kingine kilikuwa kinasubiri risiti. Ripoti itaonyesha makosa kumi na tisa ya aina kumi na tisa, na jaribio pekee lenye rangi ya kijani ndilo lenye hatia. Hali ni hiyohiyo kwa jaribio la kubadilisha nenosiri, ikiwa mfumo umejengwa vizuri kiasi cha kuzifuta sesheni zote nenosiri linapobadilika. Kwa hiyo majaribio ya namna hii hupewa akaunti zake na hodi yake, yakawekwa kando na mengine. Fundi anayajua kabla hayajamuumiza, kwa sababu anaposoma jaribio hajiulizi tu linafanya nini. Anajiuliza pia linamwachia nini anayefuata.

Kutokana na hilo umezaliwa mtindo ninaouona kuwa wa haki zaidi: majaribio yanayosoma tu yanagawana akaunti moja, na yanayobadilisha kitu, kila mkondo unaokwenda sambamba unapewa akaunti yake. Mikondo minne, akaunti nne, hodi nne, mafaili manne. Si mara 400, wala si mara moja kwa ubahili uliopitiliza. Idadi sahihi ya kubisha hodi haipo kwenye kitabu chochote. Inatoka katika kuujua mfumo: nani anagusa nini, na nani atakuwa anakitazama wakati huo.

Mifumo ya tokeni ina mtego wake wa ziada. Mingi hutoa tokeni fupi ya kufanyia kazi na nyingine ya kuombea mpya, na iliyojengwa kwa tahadhari huibadilisha hiyo ya pili kila inapotumika. Chumba cha kwanza kikiihuisha, ile iliyobaki kwenye faili imekuwa karatasi isiyo na kazi. Chumba cha pili kikija na ile ya zamani, seva inaona tokeni iliyokwisha kutumika ikiletwa tena, na kwa seva hiyo ni dalili ya wizi. Inaweza kuufuta ukoo mzima wa tokeni, ya mwizi na ya mwenyewe. Seva haijakosea. Kwa macho yake fundi wa majaribio na mwizi wanafanya jambo lilelile.

Na kweli wanafanya jambo lilelile. Hilo lazima lisemwe ndani ya sifa hizi, si pembeni. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, kiongezeo cha Firefox kilichomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye mgahawa wenye Wi-Fi ya wazi kuona orodha ya watu walio karibu naye na kubofya jina la mmojawao, akaingia kwenye akaunti yake ya Facebook au Twitter. Hakikuvunja nenosiri lolote. Kilidaka vidakuzi vilivyokuwa vinapita hewani bila kusimbwa. Miaka zaidi ya kumi baadaye, Januari 2023, kampuni ya CircleCI, ambayo kazi yake ni kuwaendeshea watengenezaji programu majaribio yao, ilitangaza kwamba imevamiwa. Programu hasidi ilikuwa imeiba sesheni kutoka kompyuta ya mhandisi wao mmoja, sesheni ambayo ilikuwa imekwisha kupita uthibitisho wa hatua mbili. Uthibitisho huo ulikuwa umefanya kazi yake, lakini kazi hiyo iliishia mlangoni.

Ndiyo maana folda ile hairuhusiwi kutoka. Inaandikwa kwenye orodha ya vitu ambavyo Git, zana ya kutunza matoleo ya programu, isivichukue, na waandishi wa Playwright wenyewe wanaonya kwamba faili lisiwekwe kwenye hazina ya programu hata kama hazina ni ya siri. Akaunti zinazotumika ni za kutungwa, kwenye mfumo wa majaribio, zenye fedha za kutungwa. Faili linazaliwa mwanzo wa zoezi na linafutwa mwisho wake. Nikiona timu inayotumia akaunti ya meneja wa kweli "kwa sababu ina ruhusa zote", huwa sihitaji kuona kingine. Na wale wanaoiita kazi yao otomeshoni huku wakikusanya sesheni za watu wengine ili kuvuna taarifa zao, hawamo katika insha hii.

Kuhusu uhai wa faili nitasema kwa kifupi. Wapo wanaosoma tarehe ya kufa iliyoandikwa kwenye kidakuzi wakaiamini. Tarehe hiyo ni ya upande wa kivinjari tu. Seva inaweza kuwa imewashwa upya na kusahau sesheni zote, ikiwa ilikuwa inazitunza kwenye kumbukumbu ya muda. Anayejua hulipima faili kwa kulitumia: anafungua ukurasa mmoja unaohitaji utambulisho, akiona jina la mtumiaji anaendelea, akirudishwa mlangoni anabisha hodi upya. Cypress, zana nyingine inayopendwa, imeliweka hilo ndani ya amri yake ya sesheni: unaiandikia namna ya kuingia na namna ya kuhakiki, nayo inahakiki kabla ya kukupa sesheni ya zamani.

Lazima pia libaki jaribio linaloingia kwa miguu yake. Timu iliyonogewa na faili inaweza kusahau kwamba mlango wenyewe ni sehemu ya mfumo. Ukurasa wa kuingia ukivunjika, majaribio yote yenye sesheni iliyohifadhiwa jana yanaweza kuwa ya kijani huku wanachama wa kweli wamekwama nje. Kwa hiyo nenosiri sahihi, nenosiri baya, akaunti iliyofungwa, namba iliyokwisha muda, kila moja linajaribiwa kwa chumba kitupu. Machache tu, lakini bila njia ya mkato.

Faida kubwa kuliko muda uliookolewa huonekana pale watu wawili wanapokutana ndani ya jaribio moja. Katika SACCOS yetu, mkopo haupaswi kuidhinishwa na afisa aliyeuwasilisha. Kulijaribu hilo kwa njia ya zamani kulihitaji kuingia kama afisa, kuwasilisha, kutoka, kuingia kama meneja, kuidhinisha, kutoka, kurudi kama afisa kuona matokeo, na katika kutoka na kuingia huko kila kitu kilichokuwa kimebaki kwenye kioo kinapotea. Kwa mafaili mawili, vyumba viwili vinafunguliwa bega kwa bega. Afisa anawasilisha, na kioo chake kinabaki wazi. Meneja, chumba cha pili, anaidhinisha. Je, kioo cha afisa kimebadilika bila kupakiwa upya? Na kama afisa ana anwani ya ukurasa wa kuidhinisha, akiifungua kwa sesheni yake, anakataliwa au anapita? Maswali kama hili la pili ndiyo yanayolinda fedha za wanachama, na kwa utaratibu wa kuingia na kutoka watu wengi walikuwa hawafiki kuyauliza. Walichoka mlangoni.

Kazi hii yote inasimama juu ya udhaifu mmoja, kwamba kidakuzi kinakubali kubebwa, na udhaifu huo sasa unazibwa. Mwaka 2024 Google walitangaza mpango wa kuifunga sesheni na kifaa. Kivinjari kinatengeneza jozi ya funguo, ufunguo wa siri unakaa ndani ya chipu ya usalama ya kompyuta pale inapopatikana, kidakuzi kinapewa uhai mfupi, na kila kinapoisha seva inakitaka kivinjari kithibitishe kwamba bado kinaushika ufunguo uleule. Mwizi aliyenakili vidakuzi atabaki na kitu cha dakika chache, na faili la fundi litakuwa na uhai huohuo. Kwa usalama wa watu ni habari njema na ningeipigia kura leo. Mafundi watalazimika kuwaomba waandishi wa mfumo mlango wa majaribio, unaotoa sesheni bila masharti hayo kwenye seva ya majaribio pekee, na jaribio la kwanza watakaloliandika baada ya kuupata litakuwa la kuhakikisha kwamba mlango huo haupo kwenye mfumo wanaoutumia wanachama.